Tendegu la Mninga

"Hivi huyu mchumba wako, Yasmini, anatafuta mke au anatafuta vyombo vya ndani?"

Swali hilo aliliuliza Bi Sihaba, jirani wa ukuta kwa ukuta, asubuhi moja akifagia uwanja. Yasmini alicheka mpaka akaliweka chini bakuli la unga. Siku zilikuja akalikumbuka swali lile, na kicheko hakikumjia tena.

Na kweli, Mikdad, mchumba mwenyewe, alianza na chombo.

Walikutana Mapinga, siku ya mnada, jua la utosi, vipaza sauti vya wauza mitumba vikishindana kutangaza suruali na mapazia. Yasmini alivaa baibui lake la kazini lililopauka mabegani na mtandio wa zambarau. Alikuwa anatafuta mbuzi ya kukunia nazi, maana ya kwake ilivunjika katikati ya shughuli ya watu. Kazi yake ilikuwa kupika: harusi, maulidi, hitima. Tangu mumewe Amin atangulie mbele ya haki, masufuria ndiyo yaliyomlisha.

Akaiona mbuzi juu ya turubai, ya zamani, ya mti mgumu, imetiwa nakshi pembeni. Akaishika. Mkono mwingine ukaishika upande wa pili.

"Samahani dada," akasema mwenye mkono. "Hii nimeshaiona mimi."

"Hata mimi nina macho."

Alikuwa mwanaume wa makamo, shati la kitenge limenyooshwa pasi, miwani, na viatu vyeupe visivyojua vumbi la Mapinga.

"Unakwenda kuifanyia nini?" akauliza.

"Kukuna nazi. Kwani wewe unakwenda kuipanda?"

Akacheka, lakini mkono hakuutoa. "Mimi nakwenda kuitundika ukutani."

"Mbuzi. Ukutani."

"Ukuta wa chuo kikuu, dada yangu. Hiki kipya hapa barabarani. Wamenipa ukumbi mzima, taa nzuri, kiyoyozi, wakaniambia nijaze kazi za sanaa. Vyuo vya wenzetu vinanunua michoro ya watu wenye majina. Fungu nililopewa mimi halinunui hata fremu. Ndiyo unaniona nagombania mbuzi."

"Basi katundike. Mimi nazi za watu nitazikuna kwa meno."

Mwenye turubai akachoka nao. "Jamani, mnanunua au mnaposana? Mnanizibia biashara."

Mikdad akalipa. Kisha, mbele ya watu, akamkabidhi Yasmini ile mbuzi kwa mikono miwili kama anampa mtoto. "Itumie. Siku ukiistaafisha, unipigie, niende nayo ukutani." Na kwa ajili hiyo, alisema, itabidi apewe namba ya simu.

Alipiga siku iliyofuata.

"Mbuzi haijambo?"

"Haijambo. Imeshiba nazi tangu alfajiri."

"Na mwenye mbuzi?"

"Mwenye mbuzi ana kazi, kaka."

"Basi nisalimie mbuzi."

Akakata. Yasmini akabaki anaitazama simu, unga mikononi, anacheka peke yake kama mwendawazimu. Hakuwa amecheka hivyo tangu eda.

Mapenzi yao yalikwenda kwa adabu. Mikdad alikuwa mzaliwa wa Pangani, Mwislamu, mtu wa swala. Alikuja mchana kweupe, akaanzia kwa jirani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Alikaa barazani, hakuwahi kuomba kuingia ndani, na Bi Sihaba alikaa pembeni anachambua mchele ambao siku hizo ulikuwa na chuya nyingi kuliko kawaida.

"Nikuambie ukweli, Yasi," alisema siku moja. "Mimi pale chuoni niko kwa mkataba mfupi. Ukumbi ukijaa, ukapendeza, wafadhili wakaridhika, nitapewa ajira ya kudumu. Nikipata ajira, naleta posa. Sitaki kukuoa halafu ukanilishe kwa masufuria yako."

"Na ukumbi usipojaa?"

"Utajaa. Wewe mwenyeji, unanipitisha."

Yasmini akampitisha. Kutoka mtaa wa Magomeni hadi Dunda, mpaka kijiji cha Kaole, aliingia naye nyumba kwa nyumba na kusema, "Huyu yuko nami." Kwa mwanamke mjane, neno hilo mjini kwao si jepesi. Ni kama kumvika mtu nguo yako. Kwa neno hilo watu walifungua makasha: vyetezo, kofia za vito, midila ya shaba ya kupikia kahawa, kipande cha kizingiti chenye nakshi. Wengine waliuza kwa bei ya huruma, wengine walitoa bure wakaomba dua.

Lakini zilikuwapo dakika Yasmini hakuzipenda. Mikdad aliamkia vizuri, ila macho yake yalikuwa yameshampita mwenye nyumba, yako ukutani nyuma yake. Aligongagonga mbao kwa kucha na kuzinusa. Siku moja waliingia nyumba yenye msiba. Alivua viatu, akatoa pole kwa sauti ya upole, akapokea dua kwa mikono miwili, na walipokuwa wanatoka akamnong'oneza Yasmini: "Lile kasha la pale kona ni la marehemu?"

Yasmini alihisi mdomoni ladha kama ya mtu aliyeuma nazi iliyooza. Akameza. Mapenzi yana namna ya kumfundisha mtu kumeza.

Kisha likaja la mkeka wa Bi Tabia wa Kaole.

Habari ilimfikia sokoni: yule mwanaume wako kamchukulia bibi wa Kaole mkeka wake wa ukili wa rangi, kamwachia jamvi la plastiki. Yasmini alirudi nyumbani amefura. Simu ilipolia hakupokea. Ikalia tena, akaifunika kwa kawa la chakula. Jioni zikaingia sauti za kurekodi, moja baada ya nyingine.

"Yasi, pokea basi."

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Hata kama unataka kunitukana, nitukane nisikie sauti."

Bi Sihaba, aliyekuwa anasikia zote, akasema, "Huyo sasa anakutafuta wewe au anatafuta kawa?"

Siku ya tatu Yasmini akaenda Kaole mwenyewe. Bi Tabia alikuwa amekaa juu ya lile jamvi la plastiki, wajukuu wamemzunguka.

"Shikamoo bibi. Nimesikia umenyang'anywa mkeka."

"Marahaba. Kaninyang'anya nani? Nilimwomba mwenyewe. Hawa wajukuu wanakojoa kila saa, ukili haukauki. Hili namwagia maji, limekwisha. Na hela kanipa. Nani kakwambia mambo ya kunyang'anywa?"

Yasmini alirudi njia nzima ameinamisha kichwa. Dhana mbaya ni dhambi, alijua, ameisikia mimbarini tangu utotoni. Akapiga yeye.

"Mikdad. Nimekudhania vibaya. Nisamehe."

Mikdad akacheka taratibu. "Nimekusamehe, laazizi. Kwa sharti moja. Siku nyingine, kabla hujanihukumu, uniulize kwanza."

"Nitakuuliza."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Alikuja siku ile ile kabla ya magharibi, na halua ya kuombana radhi. Wakakaa barazani. Ni furaha ya kupatana ndiyo iliyomfungua Yasmini mdomo, akasema ambalo hajawahi kumwambia mtu.

Amin alikuwa seremala. Kitanda cha msikitini cha kuoshea maiti, cha kamba, cha zamani sana, tendegu lake moja, mguu wa upande mmoja, lililiwa na mchwa. Amin akachonga jipya la mninga, akalitia, kwa ajili ya Mungu. Yale matatu mengine yalikuwa yamekerezwa mapete mapete. Hilo la kwake lilikuwa la mraba, tupu, jekundu. Hakuwa na mashine ya kukerezea wiki ile. "Nitalirudia," alisema. Kabla hajalirudia, pikipiki ilimwangusha kule Zinga, na yeye mwenyewe akaoshwa juu ya kitanda kile.

"Niliomba nimmiminie maji," Yasmini alisema. "Mke ana haki hiyo. Wakanipa kopo. Nikainama, nikashika lile tendegu lake ili nisianguke. Mpaka leo mkono unalikumbuka."

Mikdad alivua miwani akafuta macho. Alilia kweli, machozi ya haki. Kisha akauliza:

"Na kitanda chenyewe kiko wapi sasa?"

"Msikiti ulijengewa meza ya vigae. Kile cha kamba kiko stoo kwa Mzee Mwinyimvua, mwangalizi wa msikiti."

"Ahaa," alisema Mikdad, na akaipangusa miwani kwa pindo la shati.

Baada ya hapo simu zilikuwa za furaha tupu. Ukumbi ulikuwa unakaribia kufunguliwa.

"Kipenzi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nitakula nini, Dokta Gertruda hanipumzishi." Dokta Gertruda ndiye alikuwa mkubwa wake pale chuoni. "Anasema ukumbi umependeza, ila katikati kumepwaya. Wafadhili wanakitaka kitanda cha harusi cha pwani."

"Vitanda hivyo bei yake si yenu."

"Nimeshakipata."

"Wapi?"

"Siri hiyo, mama. Utakiona."

"Mikdad, wapi?"

"Yasi, tumetoka kwenye mambo hayo. Niamini tu. Halafu siku yenyewe uvae upendeze, siyo nguo za jikoni. Ila na vitafunwa unisaidie wewe, sambusa na kahawa. Fungu limekwisha kabisa."

Yasmini alisikia tena ile ladha ya nazi iliyooza. Akakumbuka mkeka wa Bi Tabia, akaona aibu, akameza.

Siku ya ufunguzi alivaa abaya ya kijani yenye nakshi ya dhahabu mikononi, mtandio wa krimu, akajifukiza udi. Bi Sihaba alivaa dera jipya, akabeba mabeseni ya sambusa kama anabeba mahari. Waliingia ukumbini baada ya alasiri. Baridi ya kiyoyozi, taa za njano, na ukutani vitu vya watu wao: kofia, vyetezo, mkeka wa Bi Tabia umenyooka kama jani la mgomba.

Mikdad aliwapokea. Kanzu nyeupe, koti jeusi, marashi mazito. "Tazama hapa," alimwambia Yasmini, akimwonyesha msumari mtupu ukutani. "Hapa ni pa mbuzi yetu. Hakuna mwingine atakayepagusa."

Moyo wa Yasmini ukalainika. Mtu anayeweka nafasi ya mbuzi, alifikiri, ameweka nafasi ya mwenye mbuzi.

Katikati ya ukumbi kilisimama kitanda. Kilipakwa vanishi kikang'aa, kikafunikwa shuka la lesi, mito miwili ya hariri, asumini zimemwagwa juu. Matendegu yote manne yalizungushiwa utepe mwekundu kuanzia juu mpaka chini. Wageni walikizunguka. Mmoja, bwana mnene mwenye tai, alikuwa ameshakaa ukingoni anakula sambusa, mafuta yanamchuruzika vidoleni, anapangusa kwenye lesi. Mwingine aliweka kikombe cha kahawa juu ya ubao wa kichwani.

Yasmini alisogea karibu, akasita. Chini ya asumini, chini ya vanishi na marashi ya watu, pua yake ilikamata harufu nyingine. Nyembamba, baridi. Karafuu maiti.

"Ni mimi," alijiambia. "Ni dhana zangu tena."

Dokta Gertruda alishika kipaza sauti. Alikuwa mama mwenye uso wa ukarimu, gauni la bluu, na alisema kwa moyo mmoja. "Ndugu wageni, hiki ni kitanda cha harusi cha watu wa pwani. Maharusi wamelala juu yake vizazi kwa vizazi. Sisi ni chuo cha fungu dogo, hatukuweza kuleta waigizaji. Lakini mwenzetu Mikdad amejitolea, yeye na mchumba wake, watuonyeshe maharusi wanavyokaa."

Makofi. Yasmini hakuwa ameambiwa. Alimtazama Mikdad, na Mikdad akamkonyeza na kumnyooshea mkono kuelekea kitandani. Watu walikuwa wameinua simu wanapiga picha. Akakaa, kwa sababu kusimama pale kulikuwa na aibu kuliko kukaa.

Kamba zikabonyea. Mikdad akapiga goti mbele yake, kama wanavyofanya watu kwenye televisheni, akatoa kijisanduku cha pete.

"Yasmini binti Mgeni, mbele ya hadhara hii, utakubali kuwa mke wangu?"

Bwana mwenye tai, aliyekuwa bado amekaa pale pale, akajisogeza apate kuona vizuri. Kitanda kikayumba. Mkono wa Yasmini ukashuka wenyewe pembeni kutafuta pa kushika, ukashika tendegu.

Chini ya utepe hapakuwa na mapete. Palikuwa pa mraba.

Aliinama, akafungua fundo, akaufungua utepe mzunguko kwa mzunguko, mpaka mti ukaonekana, mwekundu, tupu, haujarudiwa. Aliona lesi yenye mafuta ya sambusa pale kilipokuwa kichwa cha Amin. Aliona kikombe cha kahawa.

Akasimama.

"Mikdad, hiki ni kitanda gani?"

"Kaa kwanza, mpenzi," akanong'ona akiwa bado amepiga goti, tabasamu halijamtoka. "Watu wanapiga picha."

"Uliniambia siku nyingine nikuulize kwanza. Nakuuliza."

Tabasamu likamponyoka. Akainuka, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini. "Hata yale matatu niliyafunga utepe ili lile moja lisijulikane. Nilifanya kwa ajili yako. Sikutaka uumie."

"Ulijua."

"Mzee Mwinyimvua alikitoa kwa hiari yake, muulize."

"Ulimwambia kinakuja kuitwa hivi?"

"Nilimwambia wanafunzi watajifunza namna ya kuwastiri maiti, na Mungu ni shahidi ndiyo ilikuwa nia yangu. Wafadhili hawakutaka habari za maiti, walitaka harusi. Ni jina tu, Yasi. Wakishaondoka nalibadilisha. Leo ndiyo ajira yangu. Leo ndiyo ndoa yetu. Nivumilie saa moja."

Alimtazama. Alikuwa na uso ule ule, macho yale yale yaliyolia barazani, na Yasmini hakuweza kuona tena ni wapi lilipoishia chozi na ni wapi ulipoanzia msumari wa ukutani.

Bi Sihaba alikuwa amesimama na sinia. Aliliona lile tendegu jekundu, akakitambua kitanda cha msikiti, na yeye hakuhitaji kuambiwa. "Inna lillahi," alisema. Akaweka sinia chini sakafuni, akamgeukia bwana mwenye tai, kwa upole kama anamwamsha mgonjwa. "Baba, inuka hapo. Hapo ndipo alipooshewa mama yangu."

"Alipooshewa nini?"

"Alipokufa, baba. Hicho ni kitanda cha kuoshea maiti. Tazama kamba zilivyoachanishwa katikati. Hapo maji yanapita."

Yule bwana aliinuka kama aliyekalia kaa la moto. Kipande cha sambusa kilikuwa bado kinywani, akakitema kwenye kitambaa, kisha akawa hajui kitambaa akiweke wapi. Mama mmoja nyuma yake alianza kujipangusa mikono kwenye gauni, anajipangusa tu, hakomi. Simu zikashushwa.

Dokta Gertruda aliweka kipaza sauti chini. "Mikdad. Uliniambia wamelala maharusi."

Mikdad hakumgeukia. Alikuwa anamtazama Yasmini peke yake.

"Kitarudi msikitini leo hii," Bi Sihaba alisema.

"Kirudi," alisema Dokta Gertruda, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Jamani, mtusamehe. Kirudi."

Yasmini aliondoa kikombe cha kahawa. Akaondoa mito, akaikunja lesi na asumini zake ndani, makombo na mafuta yake ndani, akamwekea Mikdad mikononi kama mtu anavyorudisha nguo ya watu. Kisha, kwa ncha ya mtandio wake wa krimu, akaupangusa ubao wote upande wa kichwani, polepole, midomo yake ikimsomea Amin dua. Alipofika kwenye lile tendegu alilishika kidogo, akaliachia.

"Yasi," Mikdad alisema. Kijisanduku cha pete kilikuwa juu ya lile furushi la lesi, kinateleza. "Sema chochote. Nitukane nisikie sauti."

Yasmini akajitanda mtandio uliochafuka, akapita chini ya ule msumari mtupu, akasukuma mlango, akatoka.